Udongo Mkavu

Asubuhi ile nilimkuta konokono kwenye chuchu ya chupa ya mwanangu. Si wale wenye gamba. Ni wale walio uchi, wanene, rangi ya kahawia, wanaoacha ute kila wapitapo kama kamasi iliyoburutwa. Alikuwa amejikunja juu ya mpira ule ule ambao Rozárka huunyonya, ametulia kabisa, kama mtu aliyefika kwake baada ya safari. Nilimtoa kwa karatasi, nikachemsha chupa, nikaichemsha tena, mwishowe nikaitupa. Lakini vidole vyangu viliendelea kuteleza, hata baada ya sabuni.

"Angalau tumepata mpangaji maskini kuliko sisi," alisema mume wangu Hynek, akivaa viatu aende kiwandani. "Huyu hana hata gamba."

"Usinichekeshe, Hynek. Nikifungua mdomo nitatapika."

Alinibusu kwenye paji la uso, akapanda ngazi. Ndiyo, kwetu ukitaka kutoka nje ulipanda. Tulikaa chini ya ardhi, katika nyumba ya zamani ya wapangaji pale mjini Brno, nyuma ya stesheni. Dirisha letu lilikuwa sawasawa na njia ya miguu. Niliwajua majirani kwa viatu vyao na mbwa wao kwa mikojo yao. Ijumaa walevi wa baa ya pembeni walisimama pale pale, wakafungua suruali, wakaimba, na mimi ndani nikakimbilia kusogeza kitanda cha mtoto. Ukutani, juu ya mito yetu, lilipita bomba la vyoo vya ghorofa zote. Kila aliyevuta maji tulimsikia akipita. Hynek alikuwa amezoea hata kuwataja: "Huyo ghorofa ya pili, alikula kabichi."

Yote hayo ningeyavumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni kuvu.

Lilianza nyuma ya kabati, kama masizi yaliyopulizwa ukutani. Nililifuta kwa siki. Likarudi na wenzake. Likaota manyoya, likawa jeusi, katikati kijani, pembeni jeupe kama ndevu za mgonjwa. Nilipoliparua kwa kisu lilitoka pamoja na rangi na plasta, na chini yake ukuta ulikuwa laini, unabonyea, kama jibini lililosahauliwa juani. Harufu yake iliingia kwenye mkate, kwenye nepi, kwenye nywele zangu. Nikiwa kwenye tramu niliona watu wanahama kiti. Na Rozárka, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuanguka, alikohoa. Kifua chake kilikoroma kama birika lenye maji kidogo.

Daktari alimsikiliza mgongoni, akatusikiliza na sisi, kisha akavua miwani.

"Mama, mtoto huyu haumwi ugonjwa wa dawa," akasema. "Anaumwa chumba. Mtoeni humo kabla ya baridi kuingia."

Kabla ya baridi. Septemba ilikuwa inaisha, na majani ya miti ya mtaani yalikwisha kuanza kuanguka mbele ya dirisha letu, juu ya mikojo ya mbwa. Kila nyumba tuliyokwenda kuuliza, wakiona kigari cha mtoto walikumbuka ghafla kwamba chumba kimeshachukuliwa.

Basi siku ile ile ya konokono, mchana, akaja Bwana Koudelka.

Bwana Koudelka ndiye aliyesimamia nyumba kwa niaba ya mwenye nyumba, ambaye hakuna aliyepata kumwona. Alikuwa na mazoea ya kuingia bila kubisha, akiwa na kipande cha nyama ya kichwa cha nguruwe iliyogandishwa, kwenye karatasi, na vitunguu juu yake na siki. Alikula akiongea. Siki ilimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akairamba.

"Binti," akasema, "nasikia unasoma Kiingereza jioni."

"Nasoma, Bwana Koudelka. Ndiyo kwanza naanza."

"Umefika wapi?"

"Majengo."

"Majengo! Vizuri kabisa!" Kipande cha kitunguu kiliruka kikatua kwenye blanketi la Rozárka. "Mwenye nyumba anakuja Alhamisi. Mwingereza, mama mtu mzima. Aliinunua hii nyumba bila kuiona, na mimi moyo wangu ulikuwa mweupe aendelee hivyo hivyo. Mpwa wangu anayenitafsiria amevunjika mguu kwenye mavuno ya zabibu. Mimi ninacho Kijerumani cha kuagizia bia tu. Utanitafsiria wewe."

"Nitajaribu."

"Hapana kujaribu. Sikiliza." Akanisogelea, na pumzi yake ikafika kabla yake. "Tukipita hapa, hiki chumba ni sklep. Umenisikia? Stoo. Viazi, makaa, magurudumu ya baiskeli. Hakuna mtu anayeishi humu. Sheria hairuhusu mtu kuishi humu."

"Lakini sisi tunaishi humu."

"Sasa unadhani nakueleza kwa nini?"

Nilimtazama akikung'uta makombo juu ya sakafu yangu. Nilisikia kinyaa kikinipanda kutoka tumboni, na juu yake, lo, tumaini likipanda pia, maana nilijua mtu kama huyu haji mikono mitupu.

"Na sisi tunapata nini?"

Akanyanyua kidole chenye mafuta, akakielekeza kwenye dari yetu yenye madoa. "Půda," akasema. "Mkinifanyia kazi hii vizuri, nawapa půda. Mnahamia wiki hiyo hiyo."

Kicheki chetu kina neno hilo moja kwa vitu viwili. Půda ni chumba cha darini, kule juu kabisa chini ya vigae. Na půda ni udongo, ule wa kulimia na wa kuzikia. Sisi hatuchanganyikiwi. Anayekwenda půda na beseni la nguo mbichi, kila mtu anajua haendi makaburini. Na dari ya nyumba ile niliijua. Nilikuwa nikipanda huko kuanika nepi. Nusu yake ilikuwa imeshatengenezwa: mbao ukutani, dirisha kwenye paa, bomba la maji. Ilinuka mbao na vumbi la jua. Mara nyingi nepi zilishakauka na mimi bado nimesimama pale na Rozárka begani, anapumua, namsikiliza tu.

"Nitasema sklep," nikamwambia.

"Mtoto mzuri," akasema, na kabla sijamzuia akambana Rozárka shavu kwa vidole vile vile. Alipoondoka nilimwosha mwanangu shavu mpaka likawa jekundu.

*

Jumanne jioni nilikwenda darasani. Tulisomea katika shule ya mafundi, juu, kwenye chumba chenye michoro ya injini ukutani. Mwalimu Evžen alikuwa mtu mpole mwenye koti la viraka viwikoni. Alitugawia karatasi: upande wa kushoto maneno ya Kiingereza ya majengo, upande wa kulia ya Kicheki. Tukaimba pamoja. Kasri. Kanisa kuu. Mnara wa kuongozea meli.

"Mwalimu," alisema Bi Drahomíra, aliyekuwa karani wa posta hadi alipostaafu na sasa alikuwa na mjukuu Uingereza, "sisi na bahari wapi na wapi? Mnara wa meli nitauona wapi, kwenye bwawa?"

"Ukimtembelea mjukuu, Bi Drahomíra."

"Mjukuu wangu anakaa juu ya duka la samaki wa kukaanga. Nipe neno la harufu."

Darasa likacheka. Mimi niliinua mkono. "Mwalimu, na zile roshani ndefu za nyumba zetu, zinazozunguka ua, mtu anapita mbele ya madirisha ya wenzake? Wanaziitaje?"

Mwalimu Evžen alifikiri sana. "Hawana," akasema. "Itabidi uwaeleze."

Niliipitia karatasi yote kwa kidole. Kulikuwa na ikulu, banda la ng'ombe, kinu cha upepo. Hakukuwa na bomba la choo. Hakukuwa na ukuta unaolia maji. Hakukuwa na kuvu. Ilikuwa karatasi safi, ya watu wenye nyumba safi. Nikafikiri: labda hayo yanakuja darasa la juu.

Tulikuwa tumefika kwenye bomba la moshi, paa ndilo linalofuata na dari baada ya paa, pale simu yangu ilipotetemeka. Hynek. Sikuhitaji hata kumsikia yeye. Nilisikia kikohozi nyuma yake.

"Heda, njoo. Amekohoa mpaka ametapika."

Niliacha karatasi mezani, nikakimbia.

Tulikesha tumemshika wima kwa zamu, mvuke wa bafu usoni, na ukuta ule unatutazama. Kulipokucha nikakumbuka sina neno la dari. Nilichukua kamusi ndogo ya Hynek ya shule, yenye jalada lililoliwa pembeni, nikatafuta půda. Yalikuwapo maneno mawili. Nikachukua la kwanza, maana lilikuwa fupi na rahisi kutamka, na macho yalikuwa yananifumba. Nikalikariri nikikoroga uji wa mtoto. Nililikariri nikifua. Hakuna aliyekuwapo wa kuniambia kwamba lile la kwanza lilikuwa neno la udongo.

*

Alhamisi asubuhi Bwana Koudelka alikuja na gunia la viazi. Alilimwaga katikati ya chumba chetu. Kitanda cha mtoto tulikuwa tumekificha chumba cha kufulia, godoro letu limesimamishwa ukutani na kufunikwa turubai. Juu ya meza yetu ya kulia aliweka gurudumu la baiskeli lenye matope.

"Pazuri sana," akasema, akijifuta mikono kwenye taulo la Rozárka. "Stoo kabisa. Angalia hata mwenyewe, inanuka stoo."

"Ilikuwa inanuka hivyo toka jana, Bwana Koudelka. Na mwaka jana."

"Hayo usitafsiri."

Bi Whitlock alikuwa mwanamke mrefu, mwenye koti la rangi ya maziwa na pete kubwa ya jiwe la buluu. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyechoka na ndege lakini kalelewa vizuri. Alimpa Rozárka kidole ashike, akasema jambo ambalo nilielewa neno lake moja tu: mrembo. Nilimpenda pale pale. Moyo wangu uliumia kwa sababu ya kile ambacho ningemwambia.

Tulianza uani. Nilionyesha bomba la moshi, nikalitaja. Nilionyesha roshani, nikaeleza kwa mikono, naye akaitikia kwa kichwa. Bwana Koudelka aliongea kama mvua, mimi nikatoa matone. Alitaja mifereji mipya, nikasema, "Maji kutoka vizuri." Alitaja rangi mpya ya ngazi, nikasema, "Ngazi ni njano." Bi Whitlock hakucheka hata mara moja.

Tukashuka. Bwana Koudelka alifungua mlango wetu nusu, akasimama katikati ili tumbo lake lizibe nusu nyingine.

"Sklep," akaniambia, na macho yake yakapanda juu kidogo, kule darini.

Nikalisema lile neno la Kiingereza la stoo ya chini. Nikaongeza kama tulivyokubaliana: "Hapa mtu hakuna kuishi."

Harufu ilitoka ikatupita miguuni. Bi Whitlock aliweka leso puani, kwa adabu, kama anayefuta jasho. Aliona viazi, akaona gurudumu. Akageuka kuondoka. Na mimi nilijisikia kama nimelamba ule ukuta.

Nadhani angepanda ngazi, angekunywa kahawa, angeondoka. Lakini Rozárka alikohoa. Alikohoa kile kikohozi cha kina, cha kumvunja katikati, mpaka makamasi yakatoka yakanishukia shingoni. Bi Whitlock akasimama kwenye ngazi.

"Na wewe," akauliza polepole, akinichagulia maneno mepesi, "unaishi nyumba hii?"

Hilo hatukulipangia jibu. Bwana Koudelka alitutazama kwa zamu kama mbwa anayefuata mpira. Nikaona niseme kitu kizuri, cha kweli, kisichoharibu.

"Bado," nikasema. "Lakini Bwana Koudelka ni mwema. Yeye kutupa udongo."

"Udongo?"

"Ndiyo. Udongo. Mimi, mume, na mtoto."

Alishuka ngazi moja. "Udongo... wa kulima?"

"Hapana, hapana. Wa kulala." Nilifurahi kwamba mazungumzo yanakwenda. "Udongo mzuri sana. Mkavu. Mtoto atalala humo vizuri, hatakohoa tena. Kabla ya baridi."

Uso wake ulipoteza rangi, kuanzia midomo. Alimtazama Rozárka, akamtazama Bwana Koudelka, na Bwana Koudelka, asiyeelewa hata neno, akatabasamu kwa meno yake yote yenye nyama katikati, akatikisa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Mungu wangu," alisema Bi Whitlock. "Daktari ndiye aliyesema hivyo? Kwamba mtoto huyu..."

"Daktari kasema tufanye haraka."

Alishika ukuta wa ngazi. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hapo ndipo nilipojua kuna kitu nimekosea, kitu kikubwa, ila sikujua ni kipi.

"Umemwambia nini?" Bwana Koudelka alininong'oneza. "Mbona analia? Umemwambia nini, wewe?"

"Kwamba unatupa půda."

"Sasa cha kulia kiko wapi?"

Bi Whitlock alinigusa bega. "Mpenzi," akasema, "mtoto huyu sasa hivi analala wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa la darasa la kwanza kabisa. Nalala wapi, unalala wapi, analala wapi. Bwana Koudelka alilielewa kutokana na uso wangu tu.

"Sklep," akasema kwa sauti ya chini, na kidole chake chenye harufu ya siki kikanidunga ubavuni. "Viazi. Kumbuka půda, binti. Ukiharibu hapa hupati hata ufa wa vigae."

Alisema kweli. Ningesema analala kwa mama yangu, mtaa wa pili, mambo yangeisha. Wiki ile ile tungekuwa juu. Nilikuwa na jibu mdomoni, na ladha yake ilikuwa ile ile ya mkate wetu. Rozárka aliegemeza kichwa shingoni mwangu, penye makamasi yake. Na nikaona wazi kwamba huyu mtu atanifanya niseme viazi leo, na kesho atapanga chumba hiki kwa mama mwingine, na konokono atamngojea kwenye chupa.

Nikashuka. Nilimsukuma Bwana Koudelka kwa bega, tumbo lake likaachia mlango, nikaingia.

"Chumba cha kulala," nikasema kwa Kiingereza, nikavuta turubai, godoro likaanguka juu ya viazi. "Jiko." Nikaonyesha jiko letu la sahani mbili. "Dirisha. Chumba cha mtoto ni hapa. Chumba cha kulia ni hapa pia." Maneno ya Mwalimu Evžen yalitoka yote, moja moja, kwa mpangilio wake, na kwa mara ya kwanza yalikuwa yanataja kitu.

"Anasema nini? Anasema nini huyu?" Bwana Koudelka alikuwa anauliza viazi.

Kisha nikasogeza kabati.

Sikuwa na neno. Nilisimama mbele ya manyoya yale meusi, usiku ule wa kikohozi yalikuwa yameota tena, yametoa na matone ya maji ya rangi ya chai, na kutoka nyuma ya ubao kiumbe kimoja cha utelezi kilitoka polepole kutazama wageni. Niliwaza karatasi yote. Kasri, mnara wa meli, kinu cha upepo.

Basi nikamshika Bi Whitlock mkono, ule wenye pete, nikaubandika ukutani.

Alipiga ukelele mdogo. Vidole vyake viliingia. Alipoutoa mkono, plasta ilikuja nao, na manyoya, na ule ute, vikajaa kwenye mikunjo ya dhahabu chini ya jiwe la buluu. Juu ya vichwa vyetu mtu akavuta maji ya choo, yakashuka yote, na ghorofa zote nne zikatupitia masikioni.

Bi Whitlock alisema neno moja la Kiingereza, fupi. Nikajua ndilo lile nililokuwa nalitafuta. Nikalirudia. Akaitikia kwa kichwa, bado ameunyoosha mkono mbali na koti lake, kama si wake.

*

Alinawa mkono bombani, uani, muda mrefu. Bwana Koudelka alimzunguka na taulo la Rozárka, akiongea Kijerumani cha bia. Bi Whitlock hakumtazama. Alimnyooshea kiganja, akafanya ishara ya kugeuza ufunguo, akaonyesha kule juu chini ya vigae. Hapo ndipo nilipoelewa, naye akaelewa, maana aliniuliza, akiwa ameonyesha paa: "Huo ndio udongo?" Nikasema ndiyo. Alifunga macho. Akanipa neno la pili, lile sahihi la dari, akanifanya nilitamke mpaka likanyooka.

Ufunguo ulipotua mkononi mwake, nilidhani yameisha. Lakini hakunipa. Alinisogeza pembeni, penye mapipa ya taka, na sauti yake ikawa laini kuliko mwanzo.

"Leo hii mnahamia juu," akasema. "Lakini kule chini, hakuna mtu aliyewahi kuishi. Sawa? Mtu akiuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuishi."

Nilimtazama. Koti la maziwa, macho bado mekundu ya kumlilia mwanangu. Ilikuwa ile ile sentensi ya Bwana Koudelka, imeoshwa tu na kupakwa manukato. Kinyaa kilirudi, na safari hii hakikuwa na harufu yoyote, na kwa hiyo kilikuwa kibaya zaidi. Ufunguo ulikuwa kati yetu, unaning'inia kwenye kidole chake.

Mwalimu Evžen alitufundisha wakati uliopita mwezi wa Mei. Sikuwahi kuupenda, una vitenzi vinavyobadilika hovyo. Lakini kitenzi cha kuishi hakibadiliki hovyo. Unaongeza kitu kidogo mwishoni, basi.

"Tuliishi," nikasema.

Alingoja niongeze neno. Nikampangusa Rozárka pua.

Akautazama mkono wake. Chini ya jiwe la pete bado kulikuwa na mstari mweusi ambao maji hayakuufikia. Aliukwangua kwa ukucha, haukutoka. Kisha akaweka ufunguo kiganjani mwangu, akakifunga kwa vidole vyake vya baridi, akaenda kuita teksi. Hakumgusa tena Rozárka, wala hakuniaga.

Jioni Hynek aliporudi alimkuta Bwana Koudelka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, amekumbatia kitanda cha mtoto, anahema, anatukana kwa kunong'ona.

"Karibu, Bwana Koudelka," alisema Hynek. "Nikusaidie, au unapenda?"

"Mkeo," alisema Bwana Koudelka, "ana mdomo mchafu."

"Ni ile hewa ya chini. Huku juu utasafika."

*

Jumanne iliyofuata Mwalimu Evžen aliuliza nani ana neno jipya la majengo. Niliinua mkono, nikalisema. Akaliandika ubaoni, na upande wa kulia, kwa Kicheki, akaandika plíseň. Watu wakachukua kalamu, hata wale ambao huwa hawaandiki. Kumbe wengi walikuwa wanalihitaji.

"Ila jihadharini," akasema mwalimu. "Kwa Waingereza neno hili lina kazi mbili. Ni kuvu, na pia ni chombo cha kuokea keki. Kile cha duara, chenye tundu katikati."

Wote tukageuka kumtazama Bi Drahomíra, kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na mbele yake juu ya meza ilikuwepo keki ya duara, yenye tundu katikati, imenyunyiziwa sukari nyeupe laini kama manyoya.

"Wachafu hawa!" akapiga meza. "Kuvu na keki neno moja! Halafu mjukuu wangu anakula kwao!"

"Na sisi, Bi Drahomíra?" nikamwambia. "Sisi tunaanika nguo kwenye udongo."

Alifikiri, midomo ikitembea. Kisha akacheka mpaka akashika kifua, na darasa likamfuata, na mwalimu akakaa juu ya meza kwa kushindwa.

Keki hakuna aliyeitaka tena. Bi Drahomíra aliipitisha, kila mmoja akatazama ile sukari, akasema ameshiba. Ilipofika kwangu niliinusa kwanza, kama ninavyonusa kila kitu siku hizi. Siagi. Ganda la limau. Hakuna kingine. Nilikata kipande nikala, nikakata cha pili nikakifunga kwa karatasi, nimpelekee Rozárka, ambaye hadi natoka nyumbani alikuwa amelala tangu alasiri chini ya dirisha la paa, mdomo wazi, na ilibidi niiname kabisa juu yake ili nimsikie anapumua.